Nilivyopata naloksoni Pennsylvania bila cheti cha daktari

Naloksoni ni dawa ya kumrudishia pumzi mtu aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni, kama heroini, fentanili au vidonge vikali vya maumivu. Si methadoni, ile ambayo wanaotibiwa uraibu wa unga wamekuwa wakinywa kila siku Muhimbili tangu 2011. Hii ni ya dharura tu, na asiyetumia dawa hizo haimleweshi wala haimdhuru.

Hapa Pennsylvania, Marekani, sheria iitwayo Act 139, ya 2014, iliruhusu naloksoni apewe hata asiye mgonjwa: mzazi, rafiki, jirani, yeyote anayeweza kuwa karibu mtu akizidiwa. Mwaka uliofuata daktari mkuu wa jimbo wa wakati huo, Rachel Levine, alitia saini agizo la kudumu (standing order), yaani cheti kimoja cha dawa kwa umma wote. Mimi nilichukua ya nyumbani na ya ukumbi wa jumuiya yetu kwa agizo hilo. Naandika hatua zake kwa sababu ndugu zetu wengi wanatoka famasia mikono mitupu kwa kukosa tu maneno ya kuombea.

Tangu Septemba 2023 Narcan, jina la kibiashara la naloksoni ya kupuliza puani, inauzwa rafuni, pakiti ya vipulizio viwili vya miligramu 4, kwa takriban dola 45. Anayeweza kulipa anunue aondoke. Mwenye bima apite hadi dirisha la dawa, kwa kuwa bima nyingi hazilipii kitu ulichochukua rafuni mwenyewe. Zinataka kipitie kwenye kompyuta ya mfamasia kama dawa ya cheti. Toa kadi ya bima na useme kwa Kiingereza: "Naloxone nasal spray, four milligrams, under the state standing order." Mhudumu wa kaunta niliyemkuta alinijibu niende kwanza kwa daktari. Usibishane naye. Omba kuonana na mfamasia mwenyewe, na uwe na nakala ya agizo hilo, ambayo iko kwenye tovuti ya Idara ya Afya ya jimbo. Nakala ile ndiyo iliyomaliza mazungumzo. Asiye na bima wala hela aende kwa mashirika yanayoigawa bure. Philadelphia kuna Prevention Point.

Sasa sehemu inayowatisha watu wengi: polisi. Kubeba naloksoni si kosa popote Marekani. Kumpulizia mtu kwa nia njema na uangalifu wa kawaida, Act 139 inakukinga usishtakiwe wala kudaiwa fidia. Tena sheria inasema kwamba aliyepata mafunzo na akaita msaada wa tiba upesi anachukuliwa kuwa alikuwa mwangalifu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndiyo maana nilifanya mafunzo mafupi ya mtandaoni na kuhifadhi cheti chake.

Kinga ya anayepiga 911, simu ya dharura ya Marekani, ina masharti, na hapo ndipo watu hujikwaa. Lazima utaje jina lako na mahali ulipo, ushirikiane na wanaofika, na ubaki na mgonjwa mpaka wafike. Ukipiga simu ukakimbia, kinga umeiacha nyuma. Ukitimiza masharti hayo, wewe na mgonjwa hamshtakiwi kwa kukutwa na kiasi cha kutumia mwenyewe. Kuuza dawa hakumo. Texas wamebana zaidi: sheria yao ya 2021 haimsaidii aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la dawa za kulevya, wala aliyeita msaada wa namna hiyo ndani ya miezi 18 iliyopita. Kwa hiyo ukihama, soma sheria ya jimbo unakohamia. Na wasio raia wajue kwamba hizi ni sheria za jimbo. Haziwafungi maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu. Hata hivyo piga simu. Mtu asiyepumua ana dakika chache tu.

Dalili ni hizi: haamki ukimwita na kumsugua kifuani kwa vifundo vya vidole, anakoroma au pumzi zimepungua sana, midomo na kucha zimebadilika rangi. Kwa ngozi nyeusi tazama ndani ya mdomo, utaona weupe au ujivu. Piga 911. Mlaze chali, inua kidevu, ingiza ncha ya kipulizio mpaka vidole vyako viguse chini ya pua, kisha bonyeza mara moja. Usikijaribu hewani kwanza: ndani mna dozi moja tu. Mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde 5. Dakika 2 au 3 zikipita bila mabadiliko, tumia cha pili kwenye tundu jingine.

Philadelphia unga umechanganywa na dawa za kulaza wanyama, xylazine na baadaye medetomidine, ambazo naloksoni haizigusi. Mtu anaweza kurudisha pumzi nzuri na bado akalala fofofo. Ukiona anapumua sawasawa usiendelee kumpulizia dozi juu ya dozi. Utamtia arosto kali, atapike na kukurupuka. Mgeuze ubavu na ukae naye, maana naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 tu, na fentanili inaweza kumzamisha tena.

Usiiache garini. Inatakiwa kukaa chini ya nyuzi 25, na ikishuka chini ya -15 huganda na haipulizi. Ikiganda, iache ndani ya kifuko chake chumbani dakika 15. Ya ukumbini tumeitundika ukutani karibu na kisanduku cha huduma ya kwanza, bila kufuli, na tarehe ya mwisho tumeiandika nje kwa kalamu nene.