Siku Moja Nikistaafisha Draiva ya Kadi ya Mtandao

Saa 12:30 asubuhi ninasoma barua zilizoingia usiku. Moja imetoka kwa roboti inayokompaili (kuigeuza kodi iwe programu inayoendeshwa) kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kwa usanidi wa kila namna, nayo inaarifu kwamba badiliko lililofanywa kwingine limeivuruga draiva ya wd, programu inayoendesha kadi za mtandao za WD80x3 zinazochomekwa kwenye ISA, nafasi ya kadi ya kompyuta za zamani. Draiva hiyo sikuiandika mimi. Ninajitolea tu kutunza kodi ambayo wenyewe wameshaondoka.

Saa 2 ninafungua historia ya faili. Marekebisho ni mengi, lakini karibu yote hayahusiani na kadi: jina au utaratibu fulani wa ndani umebadilishwa, basi kila faili inayoutumia ikaguswa, kama ilivyobidi kwingi kabla strlcpy, kipengele cha kunakili maandishi, haijafutwa katika toleo la 6.8 mwaka 2024. Gharama hiyo wengi hawaioni, kwani draiva isiyo na mtumiaji huendelea kudai muda wa watu ambao kadi yenyewe hawajapata kuitia machoni. Ninatafuta rekebisho lililoletwa na mtu aliyelalamika kwamba kadi yake imegoma, nisilione.

Saa 4 ninarekebisha palipovurugika, kisha ninajaribu. QEMU, programu ya kuiga kompyuta, huiga NE2000, kadi nyingine ya zamani, lakini haiigi kadi hii, kwa hiyo ninawasha kompyuta kuukuu yenye nafasi ya ISA. Kadi inatambuliwa na pakiti zinapita. Furaha hiyo, hata hivyo, haithibitishi kitu: mtumiaji pekee niliyempata ni mimi, nami ninaiwasha ili nijue tu kama inawaka.

Mchana, nikila, ninapitia walivyofanya wenzetu wa FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta. Draiva yao ya ed, iliyohudumia kadi hizi pamoja na NE2000, haimo tena tangu toleo la 13 la mwaka 2021, na kabla ya hapo watumiaji walitangaziwa kwamba itaondolewa. Ningependa nasi tuwe wakali hivyo katika kutoa onyo mapema, maana mwenye kadi hana sababu ya kufuatilia mijadala yetu.

Kwa kuwa mtumiaji simwoni, kuanzia saa 8 hadi saa 11 ninaifuta draiva, na kufuta ndiko kugumu. Faili ya draiva inaondoka kwa urahisi, pamoja na mistari yake katika Kconfig na Makefile, faili zinazoelekeza nini kikompailiwe. Lakini wd inategemea lib8390, kodi ya pamoja ya chipu ya 8390, ambayo pia huzibeba kadi za Amiga na za Macintosh za zamani, na wapenzi wa mashine hizo wapo, tena hujaribu kila toleo kwa bidii inayozidi ya kampuni nyingi. Kwa hiyo lib8390 siigusi. Ninakompaili kwa x86, aina ya prosesa za kompyuta za kawaida, kisha kwa m68k, ya mashine hizo za zamani, nihakikishe kwamba hakuna jirani aliyeng'olewa pamoja na magugu.

Saa 12 jioni ninaandika maelezo ya kiraka, yaani badiliko ninalolipendekeza: sababu, tarehe ya rekebisho la mwisho lenye maana, na kwamba matoleo ya msaada wa muda mrefu yaliyopo yatabaki na draiva hiyo, na akijitokeza mtu aliye tayari kuijaribu, git, programu inayotunza historia ya kodi, itairudisha kama ilivyokuwa.

Saa 3 usiku jibu la kwanza linafika. Mhakiki hapingi draiva kuondolewa, ila anataka usafishaji wa nyaraka uwe kiraka cha pili, na anauliza kama faili za usanidi za bodi za kompyuta za zamani bado zinaitaja wd. Ninaendesha git grep, amri ya kutafuta neno katika kodi: faili mbili zinaitaja.