Bobi alivyoacha kung'ata mikono

Bobi ni chotara wa Jamani shepadi na mbwa wa kienyeji. Alipofika kwetu Arusha alikuwa mdogo wa kubebeka kwenye kapu, lakini hakuna mkono wala pindo la kanga lililosalimika. Wanangu walikuwa wanapanda juu ya kochi kila akiingia sebuleni.

Ushauri wa mtaani haukukosekana: mpige pua, jipake pilipili mikononi, mfunge mnyororo mchana kutwa. Sikuukubali. Mbwa anayechapwa usoni hujifunza kuogopa mkono, na huyo ndiye atakayemrukia mtoto wa jirani anayetaka kumpapasa tu. Watoto wa mbwa hufundishana wenyewe: mmoja aking'ata kupita kiasi, mwenzake analia na kususa mchezo. Bobi alitengwa na mama yake mapema mno, kabla ya wiki 8, kwa hiyo somo hilo likabaki kwetu.

Sheria ikawa moja. Jino likigusa ngozi, mchezo umekwisha. Mkono siuvuti, maana mkono unaokimbia ndio unaofukuzwa. Naulegeza, nasimama, nampa mgongo. Akinifuata visigino naingia ndani na kufunga mlango wa wavu, nakunywa mafunda mawili matatu ya chai, kisha natoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Akija kwa ulimi badala ya meno, tunaendelea kucheza.

Lakini lazima apate cha kutafuna. Mbwa huwa na meno 28 ya utoto, yanaanza kung'oka akiwa na miezi mitatu minne hivi, na yale 42 ya ukubwani hukamilika karibu na mwezi wa saba. Kipindi chote hicho ufizi unamsumbua. Nilikuwa nachukua taulo kuukuu, nalikaza mafundo, nalilowesha na kuligandisha kwenye friza, halafu nampa nikiwa karibu asije akameza nyuzi. Siku moja nilikuta kajino kwenye mkeka, kama punje ya mchele.

Jioni ndiyo alikuwa anapandwa na wazimu kabisa. Kumbe ni usingizi! Mtoto wa mbwa anaweza kulala hata saa 18 kwa siku, na kwetu watoto walikuwa hawampi nafasi. Nikawa namwingiza bandani kabla ya magharibi, anapitiwa hapo hapo.

Watoto niliwafundisha kusimama wima, mikono kifuani, macho juu, bila kupiga kelele wala kukimbia. Wakaugeuza mashindano. Nao walijua kwamba Bobi akimchubua mtu, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali, hata kama chanjo ya kichaa cha mbwa alishachomwa.

Mgumu alikuwa mlinzi wetu, aliyezoea kumng'atisha mkono wa koti lake zito.

"Mzee, shikamoo. Huyu akizoea koti lako, atajuaje kwamba mjukuu wako hana koti?"

"Marahaba. Sasa mama, mbwa asiyeng'ata ni wa kazi gani?"

"Abweke. Mwizi akisikia anabwekewa atatafuta nyumba nyingine."

Hakuridhika. Siku hizi anamrushia kamba badala ya mkono, ila nikipita bado namsikia akinung'unika kwamba namharibia mbwa.