Nilivyompandisha yaya Nyiragongo kwa hesabu ya karatasi

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Lubumbashi. Mlima mkubwa anaouona kila siku ni lile lundo jeusi la mabaki ya shaba pembeni ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines. Kwa hiyo Julai 2019 aliponipigia simu kusema anakuja Goma na binti yake wa miaka kumi na sita, na kwamba safari hii anataka "kupanda, si kuangalia", nilicheka kwanza. Kisha akanisomea orodha yake ya milima: Margherita, Kahuzi, na Nyiragongo, ule wa volkano ulio juu ya Goma.

"Mdogo wangu, chagua wewe. Mimi nakuja na miguu tayari."

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kazi yake ni ya kukaa kwenye kiti. Mimi nami sikuwa na la kujivunia. Miaka miwili kabla ya hapo niliupanda Nyiragongo na wenzangu wa kazi nikashindwa. Nilikuwa nimesikia njia ni kilometa nane, nami kilometa nane huzitembea siku yoyote ambayo pesa ya moto (pikipiki) imekwisha. Nikaenda na suruali ya jinzi, begi zito mgongoni kwa kuona haya kulipa mbebaji, na usiku wa kabla nilikuwa arusini. Baada ya kituo cha pili shavu la mguu lilikaza kama jiwe. Mwongozaji akanitazama, akatazama saa yake, akanirudisha chini na askari mmoja wa mbuga. Yule askari hakusema neno njia nzima, na ukimya ule uliniuma kuliko mguu.

Basi safari hii nilianza na kalamu.

Margherita niliufuta siku ileile. Ni mita 5,109, kileleni kuna barafu, na ukiuanzia upande wetu wa Congo, Mutwanga, unahitaji siku kadhaa za kulala mlimani pamoja na vifaa vya kukanyagia barafu. Mtu wa tambarare haanzii pale. Kahuzi, wenye mita 3,308, ndio nilioutaka mimi, na ningemshauri hivyo mtu anayepanda mara ya kwanza: unapanda na kushuka siku hiyohiyo, sehemu kubwa uko chini ya miti na mianzi, jua halikuchomi, na mpango ukiharibika unalala kitandani. Tatizo lilikuwa siku. Boti hadi Bukavu, kulala, gari kupitia Miti hadi Tshivanga, kupanda, kulala tena, boti ya kurudi: siku tatu kwa siku moja ya kutembea, na yaya alikuwa na siku tisa tu, huku mashangazi wote wakimdai chakula. Aliyemaliza ubishi ni yule binti. Usiku wa kwanza alitoka uani kupiga mswaki, akaona wingu limekuwa jekundu juu ya mlima, akarudi ndani na povu mdomoni: "Papa mdogo, ni ule!"

Nikachukua karatasi ya daftari. Kuna hesabu ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilometa tano za njia, halafu uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kwenda juu. Kibati, pale njia inapoanzia, ni kasoro kidogo ya mita 2,000. Ukingo wa juu ni 3,470. Tufanye mita 1,500 za kupanda. Kilometa nane zinataka saa moja na dakika thelathini na sita. Kimo peke yake kinataka saa mbili na nusu. Hapo ndipo nilipoelewa nilivyojidanganya mara ya kwanza: nilihesabu kile kipande kidogo, kikubwa nikakiacha.

Jumla ni saa nne na dakika chache, na Naismith hakuwa na yaya. Nikaongeza robo saa kwa kila kimoja cha vituo vinne vya kupumzika, na nusu saa ya mawe. Saa tano na nusu na ushei. Tukiondoka saa nne asubuhi tungefika karibu saa kumi, na giza huingia baada ya saa kumi na mbili. Akiba ya saa mbili ilinitosha. Nikaandika kando ya kila kituo saa ya kufika, na chini yake mstari mmoja: kama saa nane imefika na hatujafika kituo cha tatu, tunarudi wote watatu. Nilimsomea yaya kwa sauti tukiwa mezani, bado hajachoka, akakubali mbele ya binti yake. Maneno hayo huwezi kumwambia mkubwa wako kwa mara ya kwanza akiwa anahema.

Halafu nikataka kuona hiyo miguu iliyo tayari. Kwa siku tatu, alfajiri, tulipanda mlima Goma, kile kilima cha mjini chenye antena, kila mtu na bidoni ya lita tano ndani ya begi. Siku ya kwanza yaya alikaa chini mara nne, na wamama waliokuwa wanatoka ziwani na bidoni za lita ishirini mgongoni walimpita wakimpa pole. Siku ya tatu alikaa mara moja. Kupanda kwenyewe hakunipa hofu. Hofu ilinipata nilipoona anavyoshuka: anakanyaga kwa kisigino kwa nguvu, vidole vinagonga mbele ya kiatu. Nikamwambia akate kucha za miguu fupi kabisa, na tukaenda soko la Virunga kumtafutia viatu vya mitumba vinavyofunga kifundo, namba moja zaidi ya yake, avivae na soksi mbili.

Maji ndiyo mzigo mkuu. Mlima ule umejaa mawe ya volkano, mvua inazama yote, hukuti kijito njiani. Tulibeba lita nne kila mmoja kwa siku mbili, mayai ya kuchemsha, mandazi, ndizi, fromaji (jibini) ya Masisi na tangawizi ya chai. Makala (makaa) ya kuota moto juu tuliyanunua chini. Safari hii nililipa wabebaji bila aibu yoyote. Kitu kimoja nilichokifunga mwenyewe, ndani ya mfuko wa plastiki na kukazwa na mpira, ni shati kavu na sweta kwa kila mtu, na nikakataza yeyote asiuguse kabla ya kufika.

Siku yenyewe, Kibati, tukakodi fimbo, askari wakatangulia. Msitu wa kwanza ni mteremko wa kudanganya, watu wanapiga soga. Baadaye unatoka juani kwenye lava ya 2002, mawe madogo mepesi yanayobiringika chini ya kiatu kama viazi vilivyomwagika gunia. Hapo nilimweka yaya nyuma ya mwongozaji, mbele ya kila mtu. Kikundi kikimfuata aliye dhaifu kinakwenda polepole lakini hakisimami. Akiwekwa nyuma, wenzake wanamngoja wakiwa wamepumzika, akifika tu wanaondoka, na yeye hapumziki kamwe. Wazungu wawili tuliokuwa nao walinuna kidogo.

Kituo cha tatu tulifika saa saba na nusu. Yaya hakuniuliza saa ngapi. Alinyoosha mkono, nikampa karatasi, akaisoma, akairudisha, akamenya yai. Baada ya bega la Shaheru, volkano ya zamani ubavuni mwa mlima, miti inaisha, upepo unaanza, na mvua ikatupiga kwa dakika ishirini, ingawa tulikuwa katikati ya kiangazi. Kipande cha mwisho kimesimama kama ngazi ya dari. Yaya alikuwa anahesabu hatua kumi, anasimama, kumi, anasimama. Tuligusa ukingo saa kumi na robo.

Niliwabadilisha mashati hapohapo, kabla hawajachungulia shimo. Binti alilalamika. Dakika kumi baadaye vijana wawili wa kikundi kingine walikuwa wanatetemeka meno yakigongana, jasho limewapoa mwilini, wakati yeye amelala kifudifudi na sweta kavu akitazama lava ikipasuka na kufunga huko chini, inavuma kama ziwa Kivu usiku wa upepo. Tulilala kwenye vile vijumba vya paa la pembetatu, mbabula (jiko la makaa) mlangoni, chai ya tangawizi, hakuna aliyelala sana.

Ninasimulia ya Agosti 2019. Mlima ulilipuka tena 22 Mei 2021, na mengi yamepita hapa tangu hapo. Asichukue mtu maneno yangu kama ruhusa ya kwenda.

Kushuka kulituchukua saa nne, na magoti ya yaya yalilia kila hatua, ila kucha zake zilibaki zote kumi. Nyumbani mke wangu alikuwa amepika bugali na sombe. Yaya alikaa kwa kujishikilia meza, akaniomba ile karatasi iliyolowa, akaikunja akaiweka kwenye pochi. Halafu akauliza, macho kwenye sahani:

"Ule wa Margherita, ulisema ni mita ngapi?"

Nikamwambia ale kwanza.