Difu ya Jaguar ya Ami

Ami alikuwa na Jaguar XJ12 ya miaka ya sabini, na alikuwa na shamba Wundanyi. Vitu hivyo viwili havikupatana. Kutoka Mombasa mpaka Mwatate hapakuwa na neno, na zile kona za kupandia Taita gari lilizimaliza bila jasho. Injini ya silinda 12, lita 5.3, haibembelezwi. Taabu ilikuwa kipande cha mwisho, njia ya udongo mwekundu inayopanda hadi langoni, na mtaro wa maji kushoto. Mvua ikinyesha, tairi la nyuma la kushoto lilizunguka bure na kurusha tope, la kulia likatulia tuli, na mzigo wa karibu kilo 1,800 ukaanza kurudi kinyumenyume, Ami ndani yake akimtaja Mola.

Mwaka 2011 aliniita. "Mwanangu, wewe unajua mambo ya mafundi. Nataka gari hili lifike langoni. Sitaki kununua Land Rover." Alilitamka jina hilo kwa dharau kabisa.

Kibati kilichofungwa kwenye boliti ya difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili za nyuma, kilikuwa bado kinasomeka: 43 na 13, yaani meno ya krauni na ya pinioni, na herufi PL. Maana yake gari lilitoka kiwandani na difu ya LSD aina ya Powr-Lok, ile inayozuia tairi moja lisile nguvu zote peke yake. Tukainua nyuma nzima kwa jeki kwenye gereji moja Changamwe, gia ikiwa kwenye P, nikashika tairi moja na kulisukuma. Likazunguka kwa mkono mmoja, na la upande wa pili likazunguka kinyume chake. Powr-Lok yenye afya hairuhusu mchezo huo. Vibamba vyake vya klachi, vinavyobanana ili tairi zote mbili zivute, vilikuwa vimekwisha.

Fundi alikuwa na jibu lake kabla sijainuka. "Tuchomelee gia za ndani, tumalize. Tairi zote mbili zitavuta." Ni kweli zingevuta, hata pale zisipotakiwa. Kwenye kona ya lami tairi la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na difu iliyochomelewa hailijui hilo. Moja lazima liburuzwe. Kwenye pikapu ya shamba utavumilia. Lakini kwenye Jaguar hii shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi ndiyo pia mkono wa juu wa sospensheni. Ikikatika, hupotezi mwendo tu, tairi lenyewe halina tena cha kulishikilia. Nilipomwonyesha, Fundi aliitazama shafti kwa muda, akasema basi.

Binamu yetu aliyekuwa Birmingham ndiye aliyekuwa akitafuta spea. Kwanza alipata difu nzima, rahisi, iliyotoka kwenye gari la miaka ya themanini. Nikamuuliza uwiano, yaani meno ya krauni kugawanya kwa ya pinioni. 2.88. Yetu, 43 kwa 13, ni 3.31. Gari lingekimbia vizuri sana kwenye barabara kuu ya Uingereza, lakini mlimani lingepoteza nguvu, na kipimo cha mwendo kingesema uongo. Tukaiacha.

Kisha akaja na Quaife, LSD ya aina nyingine, na hapo ndipo tulipobishana hasa. Difu hiyo haina vibamba vya kulika. Inafanya kazi kwa gia za meno ya mshazari zinazobanana zenyewe pindi upande mmoja unapotaka kukimbia. Haina kelele wala haidai oili maalumu, na dereva hahisi inapoingia kazini. Binamu aliisifu kama mtu anayeposa. Mimi mwenyewe niliitamani, na lau Ami angekuwa mtu wa lami tupu ningemwambia auze mbuzi ainunue, maana bei yake ilikuwa mara kadhaa ya bei ya vibamba vipya.

Lakini gia zile huzidisha tu kile ambacho tairi linaloteleza bado limekishika. Likishika kidogo, tairi zuri hupewa mara mbili au tatu ya hicho kidogo. Na likining'inia juu ya mtaro bila kugusa chochote? Mara tatu ya sifuri ni sifuri. Dereva mjanja hukanyaga breki kidogo ili kulidanganya tairi hilo, huku mguu mwingine uko kwenye mafuta. Ami alikuwa na goti bovu, na hakuwahi kudanganya gari maishani mwake.

Powr-Lok ina springi za sahani zinazobana vibamba hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo tairi lenye ardhi hupata kitu cha kuanzia. Ukikanyaga mafuta, vile vipini viwili vya ndani vilivyopishana hupanda kwenye miteremko yake na kubana vibamba zaidi. Nguvu ikiongezeka, mbano unaongezeka. Udhaifu wake ni kulika. Kwa mzee anayekwenda shamba mara moja moja, kulika huko ni habari ya wajukuu. Nikamwambia binamu alete vibamba, beringi na sili.

Kazi yenyewe ilikuwa chafu. Difu ya Jaguar haitoki peke yake. Unateremsha kikapu chote cha nyuma, difu, sospensheni na breki kwa pamoja. Diski za breki zimefungwa ubavuni mwa difu, na joto lake lilikuwa limezikausha sili hata oili ikachuruzika mpaka kwenye diski. Ndani tulikuta oili ya gia ya kawaida, isiyo na dawa ya LSD. Nani aliitia, kila mtu alikuwa na mtuhumiwa wake.

Tulipomaliza, nilimwambia Ami aende uwanjani azunguke polepole kwa umbo la namba nane, oili ipenye kati ya vibamba. Alizunguka mpaka watoto wa mtaa wakakusanyika kumshangilia.

Mvua za vuli zilipokuja alipanda. Tairi la kushoto liliingia mtaroni, likazunguka kidogo, la kulia likashika, gari likasogea hadi langoni likiwa limepinda upande. Ami alishuka, akakagua tope kwenye rangi, akaniambia sasa kilichobaki ni kuziba ule mtaro.