Jioni Moja Kando ya Stuart Highway

Mwaka 2017 nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee Alice Springs, katikati kabisa ya Australia. Jioni moja ya Oktoba tulikuwa tunarudi kutoka Tennant Creek, mimi na dada mmoja wa Kakamega tuliyekuwa naye kazini, usukani ukiwa kwake. Tukaona vijana kando ya barabara wameinua paneli pana nyeusi, wanaielekeza jua linakotua, na mmoja anainyunyizia maji.

"Simamisha, dada."

Ilikuwa timu ya World Solar Challenge, mbio za magari ya sola kutoka Darwin hadi Adelaide, kilomita 3,000 hivi. Ikifika saa kumi na moja jioni kila gari husimama lilipo na watu hulala papo hapo, kwenye vumbi jekundu lenye nzi wasiojua kufukuzwa. Jua lililobaki ni ruksa kuchajia betri. Maji yalikuwa ya kupoza paneli, maana ikipata joto hutoa umeme pungufu, jambo ambalo wauza sola wa kwetu hawakwambii.

Kijana aliyekuwa akinyunyiza akatueleza kwamba mwaka ule sheria imewabana: magari ya mtu mmoja yasizidi mita 4 za mraba za paneli za silikoni. Adhuhuri, jua likiwaka hasa, unapata kama kilowati moja.

"Hiyo si pasi yangu tu!" akasema dada.

Na kwa umeme wa pasi wanakimbia kilomita 80 kwa saa.

Nikachutama kutazama chini ya gari. Matairi membamba, magumu. Mota imo ndani ya gurudumu lenyewe, hakuna gia wala mnyororo wa kupoteza nguvu njiani. Bodi ni nyepesi, imelainishwa upepo usipate pa kushika. Nilikuwa nimeiangalia paneli muda wote, kumbe ujuzi wenyewe uko kwenye ubahili wa umeme. Ndio uliorithiwa na magari ya umeme. Sunraycer ya General Motors ilishinda mbio za kwanza mwaka 1987. Baadhi ya waliohusika nayo wakaunda Impact, gari la umeme la majaribio lililooneshwa 1990, na kutoka hapo likazaliwa EV1, gari la umeme la kampuni hiyohiyo. JB Straubel, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya magari ya umeme ya Tesla, naye alijihusisha na gari la sola pale Chuo Kikuu cha Stanford kabla ya kampuni hiyo.

Gari la sola la kununua dukani, hilo bado silioni likija karibuni. Lightyear ya Uholanzi, iliyoanzishwa na vijana waliotoka kwenye mbio hizihizi, ilisitisha kuunda gari lake la kwanza mwanzoni mwa 2023.

Lakini jioni ile sikuwa na ubishi wowote. Tuliwasaidia kushika paneli mpaka mikono ikatetemeka, malori ya matrela matatu yakipita na kututikisa. Dada ndiye aliyeuliza: wakishafika Adelaide, gari linarudije kwao?

Kijana akacheka. "Linapandishwa lori. La dizeli."