Moto wa Mjomba

Tulipohamia nyumba ile, wenyewe wa zamani walituachia rundo nyuma ya uwanja: matawi, majani makavu na takataka nyingine ambazo hakuna aliyejua zimefikaje pale. Lilikuwa refu kunishinda. Mimi na mdogo wangu tulitaka tulichome Jumamosi asubuhi yaishe. Mama akasema hatuwashi kitu mpaka mjomba aje. Mjomba alikuwa mstaafu wa zimamoto, na mtu wa namna hiyo ukimpa moto wa kusimamia, umempa sikukuu.

Sikukuu yenyewe ilianza kwa kazi.

"Lihamisheni," alisema.

"Lote, mjomba?"

"Lote. Hapa mko chini ya mti na mmeegemea ua. Tena rundo lililokaa hivi lina wenyewe."

Kweli, tulipoanza kuvuta matawi walitoka mijusi na chura mmoja mnene aliyeondoka kwa hasira. Zaidi chini kulikuwa na tairi, vipande vya bomba la plastiki na kopo la rangi ya kupuliza, ambalo lingelipuka kama bomu dogo mara tu likipata joto. Hivyo vyote alivitupa pembeni bila maelezo. Alichokishika muda mrefu ni ubao. Aliugeuza, akatuonyesha ncha iliyokatwa: pembezoni ulikuwa na ukijani uliofifia, katikati ulikuwa mweupe.

"Huu umetiwa dawa usiliwe na wadudu. Mbao nyingi za zamani za aina hii dawa yake ina arseniki, sumu kali. Moto hauiui. Nyingine inapanda na moshi mnaivuta, nyingine inabaki kwenye majivu, halafu mnayamwaga bustanini."

Kibali tulikuwa nacho. Mama alishapiga simu kikosi cha zimamoto mapema. Masharti yalikuwa mafupi: mimea mikavu peke yake, mtu mzima asibanduke mpaka moto ufe, maji yawe karibu, na upepo ukivuma hakuna kuwasha. Kwangu mimi kupiga simu ilikuwa kama kuomba ruhusa ya kufagia. Mjomba akauliza: jirani akiona moshi, akapiga simu, gari likaja hapa kuzima majani, nyumba nyingine inayoungua kweli itazimwa na nani?

Mdogo wangu akatokea na dumu la petroli. Mjomba hakupaza sauti. Alilichukua, akalipeleka mpaka upande wa pili wa nyumba, akarudi.

"Kinachowaka si petroli, ni mvuke wake. Ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Unapowasha kiberiti umeshasimama ndani yake. Nimewabeba watu wa hivyo."

Kuchoma kwenyewe hakukuwa na hadithi. Tuliwasha kirundo kidogo juu ya udongo mtupu, tukawa tunakilisha tawi moja moja, mpira wa maji umejaa, reki na koleo mkononi. Majani mabichi aliyakataa, kwa sababu yanatoa moshi mwingi kuliko moto. Adhuhuri upepo ukaanza kuchezacheza na cheche, akatangaza basi, ingawa nusu ya matawi ilikuwa bado. Tulinung'unika. Mvinyo wa ushindi ulikuwa umeshaanza kutupanda kichwani.

Nilidhani kuzima ni kufukia. Mjomba akasema udongo unauficha moto tu, makaa yanalala chini yake siku kadhaa yakingoja upepo. Tulimwaga maji, tukakoroga mpaka majivu yakawa uji mweusi, tukamwaga tena. Kisha akachuchumaa, akapitisha mgongo wa kiganja juu yake bila kugusa, kwanza, halafu kwa kugusa. Palikuwa baridi.

Nikaanza kukusanya vifaa. Yeye bado alikuwa anaangalia ardhi, lakini si pale penye majivu. Alikuwa anatazama kando, hatua chache kuelekea kwenye ua. Kulikuwa na ufa mwembamba ardhini, na ndani yake uzi wa moshi ambao mimi ningeapa ni vumbi. Akachimba. Chini palikuwa na mzizi wa kisiki cha zamani, umekauka kama kuni, na ncha yake imegeuka kaa jekundu. Moto ulikuwa umeingia kwenye mzizi ukawa unasafiri polepole bila ya mwali, na mzizi ulielekea moja kwa moja kwenye nguzo ya mbao ya ua.

Tuliufukua mpaka tukapata sehemu isiyoungua, akaukata kwa shoka, tukalijaza handaki maji mpaka likaacha kuchemka. Mama alituletea chakula palepale, kwa sababu mjomba alikataa kuondoka mpaka giza liingie, aone kama kuna chochote kinachong'aa.

Ile nusu iliyobaki hatukuichoma. Tuliikatakata, tukaitandaza chini ya miti, ikaoza yenyewe. Ubao na tairi vilikwenda dampo.