Duara lenye nukta

Jumapili, usiku

Leo jioni mtoto mmoja wa kundi letu la skauti ameniuliza kwa nini tunaanza na fundo bapa kabla ya mafundo mengine yote. Nikamjibu kwamba linalala vizuri juu ya bandeji, halimuumizi mgonjwa, na kulifungua ni rahisi. Ni kweli. Ila sikumwambia kuhusu siku niliyolifunga kwa mtu aliyekuwa akivuja damu, nami nikiwa na umri kama wake.

Nilikula ahadi nikiwa na miaka 11. Kikosi chetu kilikuwa na watoto wanane. "Uwe tayari", kaulimbiu ya skauti, kwetu ilikuwa na maana ya kuwa tayari kwa mvua, au kwa mashindano ya kusimamisha hema. Tulijifunza kutengeneza machela kwa kupitisha fimbo mbili ndani ya mashati mawili yaliyofungwa vifungo, kisha tukagombania nani awe mgonjwa, maana mgonjwa alibebwa. Nilichopenda kuliko vyote ni alama za njiani: mshale wa vijiwe, msalaba wa vijiti unaosema usipite huku, na duara lenye nukta katikati, yaani nimekwenda nyumbani.

Vita vilipotufikia, jambo la kwanza alilofanya kiongozi wetu ni kutuvua sare. Alisema kaki ni kaki. Mwenye bunduki akiiona kwa mbali hatasogea kuuliza kama aliyeivaa ni mtoto. Tukabaki na skafu, nazo mfukoni. Kazi zetu zilikuwa za kuchota maji, kuwashika wazee mkono, kuandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Daftari lile la majina ndilo lililonichosha zaidi. Mtoto wa miaka mitatu hajui jina la baba yake. Anajua "baba" tu, nami nilipaswa kuandika kitu.

Yule aliyekuwa akivuja damu alikuwa mama mmoja aliyekatwa na kioo mkononi. Skafu ikatoka mfukoni, ikakunjwa, ikafungwa. Vidole viliijua kazi kabla akili haijafika. Kulia nililia baadaye, usiku.

Katika miaka iliyofuata nimesoma sana habari za skauti wa nyakati za vita, labda kwa kuwa nawatafuta wenzangu. Uskauti wenyewe una mizizi vitani. Mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulipozingirwa vitani, mwaka 1899 hadi 1900, wavulana ndio waliobeba ujumbe huku na huko, na Baden-Powell, aliyekuwa kamanda pale na baadaye mwanzilishi wa uskauti, hakusahau jinsi walivyoaminika. Mwaka 1907 alipowapeleka wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, aliwapeleka kupiga kambi, si kupigana. Tofauti hiyo naishikilia kwa mikono miwili.

Wanaonigusa zaidi ni wa Warsaw. Poland ilipokaliwa na Wajerumani, skauti waliendelea kwa siri kwa jina la Szare Szeregi, na mji ulipoinuka dhidi ya Wajerumani Agosti 1944 watoto wao wakaendesha posta. Walipeleka barua katikati ya risasi, bila malipo, na barua haikuruhusiwa kuzidi maneno 25. Hebu fikiria kumwambia mama yako kwa maneno 25 kwamba u hai, kisha kumkabidhi mtoto aipeleke. Nawaheshimu watoto wale kwa moyo wangu wote. Na papo hapo nasema watu wazima hawakupaswa kuifikisha dunia mahali pa kumtuma mtoto katika njia ile.

Amani iliporudi nilidhani tungeanzia pale tulipoachia. Kambi ya kwanza kiongozi alitupangia mchezo wa kuviziana usiku, ule tulioupenda kupita yote, kujificha vichakani na kumnyatia mwenzako. Akapuliza filimbi. Hakuna aliyetoka. Mmoja wetu alikuwa amelala kifudifudi, amefunika kichwa. Kujificha hakukuwa tena mchezo. Kiongozi hakusema neno. Aliwasha taa zote alizokuwa nazo, akatuita kwenye moto, tukamenya viazi hadi usingizi ukatushika. Mpaka leo naona huo ndio uongozi bora nilioupata kuushuhudia.

Hata jambori ya dunia, yaani kambi kubwa ya skauti wa nchi nyingi, ilibidi ingoje. Ile ya 1937 ilifanyika Uholanzi, iliyofuata ikawa ya 1947 huko Moisson, Ufaransa, nayo ikaitwa Jambori ya Amani. Miaka kumi! Aliyekuwa na miaka 12 katika ile ya kwanza alifika ya pili akiwa mtu mzima, kama alifika. Baden-Powell mwenyewe hakuiona. Alifariki Januari 1941, vita vikiwa vimepamba moto, akazikwa Nyeri, na kaburi lake lina ile alama ya duara na nukta.

Katika kambi yetu ile tulikuwa watano. Wawili walikuwa wamehamia mbali na familia zao, tulizipata barua zao. Wa nane hakuna aliyejua habari zake. Asubuhi ya kuondoka, mdogo wetu kuliko wote alichukua kijiti akachora chini maduara manane, moja la kila mmoja. Akaanza kutia nukta, moja baada ya nyingine. Alipofika la mwisho akasimama, kijiti mkononi, akamtazama kiongozi. Kisha akaliacha vile vile, tupu.